Saa ya Injini Kulala

Alhamisi, 1 Oktoba 1981

Mama Falis amenipa daftari hili niandike saa za injini. "Andika, Kinya," amesema, "kichwa yako si saa ya ukuta." Basi naandika. Leo injini ya stima ya mji imezimwa saa nne na dakika tano asubuhi, ikawashwa saa sita kasoro robo. Lokol ameosha madirisha sita ya juu. Hakuna aliyekufa.

Kurasa ni nyingi na saa ni chache, kwa hiyo nitaandika na mengine. Mimi ni msimamizi wa vyumba katika gesti ya Mama Falis hapa Isiolo. Ni mjane, natoka Meru, na nina ulimi ambao mama yangu aliuombea mara nyingi bila mafanikio. Gesti yetu ina ghorofa, na juu ina vioo kumi na viwili vinavyotazama barabara ya Marsabit. Kila lori la ng'ombe likipita, vumbi lote linakuja kulala kwetu bila kulipa. Mama Falis anavipenda vioo hivyo kuliko wageni wanaolala nyuma yake.

Chombo cha kuvioshea alikitengeneza Lokol. Alipata mabomba matatu ya alumini, yale ya kunyunyizia maji mashambani, kutoka kwa mkulima mmoja wa Timau aliyekuwa akihama. Akayaunga, akafunga brashi nchani, akapitisha ndani yake mpira wa maji unaotoka kwenye tangi. Anasimama chini na kusugua juu, na maji yanatoka kwenye brashi yenyewe. Tunamwita Twiga. Shida ya Twiga ni kwamba mbele ya vioo zinapita nyaya za stima, naye ni alumini mtupu na maji. Ndiyo maana tunangoja injini ilale. Injini ikizimwa, nyaya zote za mji zinakufa. Mafundi wa paa hupanda saa hiyo, wakata matawi hukata saa hiyo. Hapa Isiolo hakuna anayetazama waya. Tunasikiliza tu.

Lokol hawezi kusikiliza. Baruti ya machimbo ya mawe ilimmaliza sikio la kushoto, la kulia likabaki nusu. Kwa hiyo mimi nasimama kwenye veranda ya juu na kitambaa cheupe. Injini ikinyamaza nakiinua, ikiwashwa nakishusha. Amefanya kazi hivyo miaka miwili, hajawahi kuniuliza kama nina hakika.

Jumamosi, 3 Oktoba

Injini: saa nne kamili. Vumbi. Lokol amekula chapati zangu mbili, akasema ni ngumu, kisha akaomba ya tatu.

Jumanne, 6 Oktoba

Watu wa umeme wamemaliza nguzo mpya. Ni ndefu kuliko zile za zamani, na nyaya zake nene zinapita karibu na vioo vyetu vya juu kuliko ninavyopenda. Wanasema stima itatoka mbali, kwenye mabwawa, na injini yetu itastaafu. Lini? Hakuna ajuaye. Wamekunja kamba zao na kwenda.

Leo brashi ya Twiga imegusa waya mpya kwa bahati mbaya. Nimepiga kelele mpaka wauza miraa wa ng'ambo wakasimama. Lokol akaangalia juu, akaugusa tena makusudi.

"Wacha mchezo, wewe!"

"Hii haina kitu, Kinya. Hii ni kamba ya kuanika nguo."

Akaugusa mara ya tatu huku akicheka na meno yake yote. Nikamtupia kitambaa.

Ijumaa, 9 Oktoba

Mzee Godana amekuja tena. Huyu ndiye mwendesha injini, Mborana wa miaka sitini hivi, shati lake linanuka dizeli hata siku ya sikukuu. Anamzungumzia injini kama mtu anavyomzungumzia mke mgonjwa: leo amekohoa, leo amekula vizuri. Akishamzima saa nne hana la kufanya, basi anakuja kukaa kwenye ngazi yetu na kutufundisha kazi yetu.

"Salaam aleikum, intala, binti yangu. Sikia mimi. Mtu akishikwa na stima, wewe usishike yeye. Ukishika, wewe ni wa pili. Achana na yeye, hata kama ni mama yako."

"Nimesikia, mzee."

"Na stima kubwa haingoji uguse. Inaruka."

"Kama panzi?"

"Cheka tu," akasema.

Nikacheka. Ananichosha. Nafikiri anaogopa kustaafishwa pamoja na injini yake, na hofu hiyo anatugawia sisi.

Jumatatu, 12 Oktoba

Injini: saa nne na dakika kumi. Mzee Godana ameleta barua. Imetoka kwa wakubwa wake wa umeme, imeandikwa Kiingereza, bahasha tayari imechafuka mafuta. Hajui kusoma, na hataki karani wa mjini amsomee kwa sababu karani husoma barua za watu kwa sauti ya mnada.

"Kama wamenifukuza, nataka niambiwe na mtu ana roho nzuri," akasema.

Mimi na roho nzuri! Nilikuwa na mashuka arobaini kwenye beseni. Nikamwambia kesho, nikaitia barua nyuma ya daftari hili.

Alhamisi, 15 Oktoba

Mzee Godana ameuliza. Nikamwambia kesho.

Jumapili, 18 Oktoba

Kanisani. Jua kali. Mahubiri marefu kuliko ukame.

Jumanne, 20 Oktoba

Sikukuu, na gesti imejaa. Godana akanikuta nimebeba ndoo mbili, wageni wanaita maji ya moto, Mama Falis anaita jina langu kana kwamba nimeiba. Akasimama katikati ya njia yangu.

"Umesoma, intala?"

Nikamwambia nimesoma. Sijui kwa nini. Nilitaka tu apishe.

"Wanasema nini?"

"Wanasema usubiri."

"Hawajanifukuza?"

"Subiri tu, mzee."

"Na waya mpya? Wamesema itapata moto lini?"

"Nimekwambia wanasema usubiri! Wakiwa tayari watasema."

Akanishukuru. Akanishika mkono wenye sabuni kwa mikono yake yote miwili. Nitaisoma jioni, ikiwa na neno lolote kubwa nitamwambia kesho.

Jumatano, 21 Oktoba

Godana ameniletea chupa ya maziwa ya ngamia. Uso wake umefunguka, hata amenyoa. Nimekunywa maziwa. Nilikuwa nimechoka, sikufungua kitu.

Jumanne, 27 Oktoba

Mvua! Waborana wanaiita Hagaya, na mwaka huu imekuja na ngurumo mpaka vioo vikatetemeka. Twiga tumemlaza kwenye korido. Mvua inaosha vioo bure, Lokol anasema atamdai Mungu kazi yake.

Jumamosi, 31 Oktoba

Mvua. Gari lenye kipaza sauti lilipita sokoni likitangaza jambo, lakini ilikuwa siku ya mnada wa mbuzi na mvua inapiga mabati. Abiba wa jikoni anasema ni habari za chanjo.

Jumatatu, 2 Novemba

Injini: saa nne na dakika tatu. Naandika ingawa hatuoshi, nimeshazoea.

Injini ilipolala leo nilikuwa kwenye veranda ya juu. Manyunyu mepesi. Kwa kawaida ikinyamaza, mji wote unasikika: punda, nyundo, mtu anakohoa upande wa pili wa barabara. Leo chini ya ukimya kulikuwa na kitu. Sauti nyembamba, haipandi wala haishuki, kama mtu anayesali bila kufungua mdomo. Nikageuza kichwa huku na huku. Ilikuwa kila mahali. Nikaingia ndani, ikaniacha.

Jumatano, 4 Novemba

Imerudi. Sikuota.

Na jambo lingine. Wale mbayuwayu waliokuwa wakijipanga kwenye waya mpya tangu mwanzo wa Oktoba, wameondoka. Wamehamia ule wa zamani wa chini, wamebanana pale ingawa wa juu ni mtupu. Nilimwonyesha Lokol. Akasema ndege nao wana majirani wabaya.

Ijumaa, 6 Novemba

Naandika upesi, mwandiko nisamehewe.

Mchana niliingia stoo ya juu, ile ndogo isiyo na dirisha ila tundu linalotazama barabara, nalo limezibwa kwa gunia. Giza tupu hata mchana. Nilitaka sabuni. Kwenye kona imeegemezwa taa moja ndefu nyeupe ya mrija wa kioo, mpya, haijafungwa popote. Haina waya. Haina kitu. Ilikuwa inawaka.

Si kuwaka kwa taa. Ni mwanga hafifu, wa maziwa yaliyotiwa maji, unatetemeka ndani ya kioo. Injini ilikuwa imelala, nilikuwa nimeandika saa kwa mkono wangu. Nikasema jina la Yesu. Mwanga haukujali. Nikanyoosha kidole, na vinyweleo vya mkono vikasimama vyote kabla sijagusa. Nikaacha sabuni na kiatu kimoja.

Lokol akaenda akarudi na kiatu. Alisema ameona taa, imezimika, ni taa tu. Alikuwa ameacha mlango wazi, nami nikawaza kwamba vitu hivyo hupenda giza.

Jumatatu, 9 Novemba

Mama Falis ameleta sheikh akasoma kwenye stoo. Mimi nimesali kwa njia yangu nikiwa kwenye ngazi. Mzee Godana alikuwepo, na nilipomweleza juu ya sauti alikunja uso.

"Injini nimezima mimi. Stima itatoka wapi?"

"Labda waya mpya," nikasema.

"Waya mpya bado. Si wewe umesoma? Wakiwa tayari watasema."

Nilihisi kitu kinanigusa begani, na nikageuka, na hapakuwa na mtu. Nitaisoma hiyo barua. Usiku huu kichwa kinaniuma.

Jumatano, 11 Novemba

Lokol ameniuliza kama kaka zangu wa Meru wanakula mbuzi wa Turkana. Nikamjibu kaka zangu wanakula mbuzi yeyote, hawaulizi kabila. Akasema basi baada ya mvua atapeleka wanne wakaonje. Aliongea kwa sauti kubwa kama kawaida yake, jikoni kote wamesikia, Abiba amepiga kigelegele. Mimi nina miaka thelathini na nane na nimeona haya kama msichana. Nampenda. Nimeandika, na sitafuta.

Daftari limefunguka lenyewe mara mbili nikiwa naandika, pale pale nyuma. Upepo.

Ijumaa, 13 Novemba

Jua limetoka. Madimbwi. Malori yametupiga matope mpaka vioo vya juu. Jumanne wanunuzi wa ng'ombe wanatoka Nairobi kwa mnada mkubwa, na Mama Falis amewaahidi gesti safi kuliko zote barabara hii. Twiga ataamka Jumatatu.

Jumatatu, 16 Novemba

Naandika ili niweze kusema nilichofanya, hatua kwa hatua, maana watu wameshaanza kusimulia vingine.

Saa tatu na nusu Lokol aliunga Twiga chini ya vioo. Ardhi ilikuwa mbichi. Alivaa viatu vyake vya mpira vya mvua. Mimi nikapanda veranda na kitambaa. Sauti ile ilikuwepo, nyembamba zaidi siku ya jua, lakini ilikuwepo chini ya ngurumo ya injini, na nilijua ipo.

Saa nne kasoro dakika mbili injini ikazimwa. Ukimya. Na ndani ya ukimya, ile sauti, peke yake.

Sikuinua kitambaa. Lokol alinitazama kutoka chini, amekinga jua kwa mkono. Mama Falis akatoka mlangoni.

"Kinya! Walahi, unangoja nini? Injini imelala, hata mimi nasikia!"

"Kuna sauti, Mama."

"Hiyo jini sheikh ameshafukuza! Inua kitambaa, watu wanakuja kesho!"

Mzee Godana akafika wakati huo, anatembea haraka, anafuta mikono kwa tambara. Akasikia tunayobishania. Akacheka, si kwa ubaya.

"Nimezima mimi mwenyewe, kwa hii mkono," akasema, akauinua mkono tuuone. "Hakuna moto Isiolo. Kama iko moto, mimi ningejua wa kwanza."

Hapo ndipo barua ilinijia kichwani. Niliiona wazi, bahasha na alama za vidole vyake vya mafuta. Nilijua iko wapi. Ilikuwa chini, chumbani kwangu, hatua arobaini. Na mbele ya watu wote hao ningesema nini? Kwamba sijasoma? Kwamba maziwa yake nilikunywa kwa uongo? Miaka miwili ukimya haujawahi kunidanganya, na mkono wangu ulishazoea njia yake. Nikainua kitambaa.

Lokol akamsimamisha Twiga. Akaosha dirisha la kwanza. La pili. La tatu. Maji yalitiririka kwenye vioo na hakuna kilichotokea, nami nikaanza kupumua. Kwenye dirisha la nne maji yakakatika. Mpira ulikuwa umejikunja kule kwenye tangi, nyuma ya ukuta.

"Mzee, shika kidogo," Lokol akasema.

Godana akavua ndara, akamshika Twiga kwa mikono miwili. Alifurahi kupewa kazi. Lokol akaenda kunyoosha mpira. Twiga ni mzito juu, anataka mtu aliyemzoea. Niliona kichwa chake kikianza kuinama taratibu kuelekea barabarani. Godana akamvuta. Akainama tena.

Hakugusa waya. Nitasema hivi mpaka kufa kwangu. Palikuwa na nafasi kati ya brashi na waya, nafasi ya mkono wa mtu, nami niliona mbingu katikati. Kisha nafasi ile ikajaa. Rangi ya buluu. Sauti kama shuka jipya likichanwa.

Mzee Godana hakupiga kelele. Alisimama wima kabisa, amemshika Twiga, uso ameuinua kwangu. Moshi ulitoka kwenye nyasi chini ya miguu yake. Nilimwita kwa jina lake. Alikuwa akinitazama, lakini sidhani kwamba aliniona.

Lokol akatoka nyuma ya ukuta. Hakuwa amesikia chochote. Aliona tu mzee anatetemeka na bomba, akaanza kukimbia amenyoosha mikono ili amshike. Nilipiga kelele, "Usimshike! Lokol! Usimshike!" Nani angesikia? Sikio la kulia lilikuwa upande wa barabara. Nikaruka kutoka veranda. Sikushuka ngazi, niliruka, nikaanguka kwenye tope kwa goti, nikamkamata Lokol miguuni, akaanguka kifudifudi. Kidole chake kilibaki hatua mbili kutoka kwenye ndara za mzee. Akanipiga teke ili nimwachie. Sikumwachia. Maneno ya Godana yalikuwa yanazunguka kichwani mwangu kwa sauti yake mwenyewe: usishike yeye, wewe ni wa pili.

Kisha mlio mmoja mkubwa ukapiga huko mbali mjini, stima ikakatika, Twiga akaanguka barabarani, na mzee akaanguka upande wake.

Amezikwa alasiri hii hii, baada ya sala. Polisi wameandika ajali. Goti langu limevimba.

Jumanne, 17 Novemba

Wanunuzi wamekuja, wameona barabara imeungua, wamekwenda kulala kwingine.

Daftari lilifunguka nyuma, pale pale kama siku zote. Haukuwa upepo. Ni barua iliyokuwa ikinyanyua kurasa. Nimeisoma. Kiingereza chake ni chepesi, mtoto wa darasa la saba angekisoma. Naiandika hapa kwa Kiswahili, yote.

"Bwana Godana. Unaarifiwa kwamba kuanzia Jumapili tarehe 1 Novemba laini mpya itakuwa na moto saa zote, mchana na usiku, hata wakati injini imezimwa. Waambie wote wanaokaa au kufanya kazi karibu na nguzo. Bomba, ngazi, mti mbichi au kitu chochote kirefu kisiukaribie waya huo, hata bila kuugusa. Injini itaondolewa mwishoni mwa mwezi. Kwa kuwa umetumikia kwa uaminifu miaka kumi na sita, utaendelea na kazi ukiwa mlinzi wa kituo kipya. Tafadhali usiwe na wasiwasi."

Alhamisi, 19 Novemba

Lokol hali chakula. Anakaa kwenye ngazi, mahali pa mzee. Nimempelekea chai, imepoa mkononi mwake.

"Mimi nilimpa," amesema. "Alikuwa mgeni wa ile bomba. Mimi nilimpa ashike."

Nikamwambia si kosa lake. Akaniuliza ni la nani. Nikaokota kikombe nikaondoka.

Jumamosi, 21 Novemba

Mke wa Godana amefika kutoka Sericho, siku tatu juu ya lori. Anaitwa Ado. Mwembamba, mpole, macho makavu. Ameomba kuniona.

"Alinitumia salamu kwa dereva," akasema. "Alisema iko mwanamke Mmeru, mzuri sana, amemsomea barua. Ameambiwa asubiri. Alisema, kama walitaka kumfukuza wangesema sasa. Alilala vizuri, kwa sababu yako."

Akanipa chupa ya maziwa. Nimeiweka dirishani. Sijaifungua, nayo inaganda.

Jumatatu, 23 Novemba

Winchi imeng'oa injini, wakaipakia kwenye lori na kuifunga minyororo. Watoto waliikimbilia mpaka daraja. Nyumba yake imebaki tupu, sakafu nyeusi kwa mafuta.

Jumanne, 24 Novemba

Saa nne na dakika tano nikiwa natandika chumba namba tisa, injini ikazimwa.

Niliisikia. Ngurumo, kisha vile vikohozi vyake viwili vya mwisho, kisha ukimya. Nilishaanza kutafuta kitambaa kabla sijakumbuka. Nikamuuliza Abiba kama amesikia kitu. Akanitazama kwa huruma.

Jumatano, 25 Novemba

Saa nne na dakika mbili.

Alhamisi, 26 Novemba

Saa nne kamili. Nimeandika kwa sababu ndiyo kazi niliyopewa. Asubuhi yote inanguruma kwa mbali, hakuna anayeisikia ila mimi, na ikizimwa najua kuna mkono umeizima.

Jumamosi, 28 Novemba

Lokol amemwambia Mama Falis anaacha kazi. Anarudi machimboni, kwenye baruti. Anasema mtu aliyemuua mzee hawezi kuosha vioo na kujitazama humo. Habari za mbuzi wanne hazitajwi tena. Anakwenda Jumatatu, siku ile ile ambayo Ado anarudi Sericho.

Nimekaa na jambo hili siku kumi na moja. Nikinyamaza, ataondoka akiamini ni yeye. Nikisema, atajua ni nani, na sitampata tena. Hakuna njia ya tatu, nimeitafuta. Naogopa sana.

Jumapili, 29 Novemba

Sikwenda kanisani. Nilimkuta kwenye ngazi, vitu vyake vimefungwa kwenye blanketi. Nikakaa kulia kwake, upande wa sikio linalosikia kidogo, nikatoa barua.

"Hii ni nini?"

"Ni ya mzee. Alinipa tarehe kumi na mbili mwezi uliopita. Nilimwambia nimeisoma, na nilikuwa sijaisoma."

Nikamsomea yote, taratibu, mdomo karibu na sikio lake ili asikose neno. Nilipofika pale pa mlinzi wa kituo kipya nilirudia mstari. Pale pa kutokuwa na wasiwasi nilirudia pia, kwa sababu alinyoosha kidole kwenye mstari huo. Kisha nikamwambia habari za ndoo mbili, na maziwa, na kwamba kabla sijainua kitambaa nilikuwa nimeikumbuka.

"Ulikumbuka," akasema.

"Nilikumbuka."

"Na ukainua."

"Nikainua. Si wewe, Lokol. Ni mimi."

Pumzi yake ilibadilika, ikashuka chini, kama mtu aliyetuliwa gunia. Hilo nililiona, na nililifurahia, hata kama halikuwa langu. Nikamwambia kesho asubuhi, kabla ya lori, nitamsomea Ado. Akaitikia kwa kichwa.

Kisha akasimama. Nilidhani anaondoka. Akanizunguka, akakaa tena kwenye ngazi ile ile upande wangu wa pili, sikio la kushoto likanielekea, lile ambalo baruti ilimaliza. Tukabaki hivyo, mabega karibu kugusana, yeye akitazama barabara.

Saa nne ilipofika nikaisikia injini ikizimwa. Nikafungua mdomo nimwambie, kama nilivyomwambia kila siku kwa kitambaa miaka miwili, kisha nikaufunga.